Nchi Iliyozungushiwa Milima

Wiki iliyopita, kwenye kivuko cha Kamanga cha kuvukia ziwa, nilikaa nyuma ya baba mmoja na binti yake wa sekondari. Baba alipunguzwa kazi kiwanda chao cha nguo kilipozidiwa na mitumba. Alitusimulia mwenyewe kabla hatujaondoka. Sasa alikuwa anachora, nyuma ya karatasi ya kalenda, ramani ya nchi aliyoitunga, kaizungushia milima pande zote.

“Haya, mitumba ipite wapi?” aliuliza, akigonga karatasi kwa penseli.

Binti alitabasamu. “Baba, milima haijengwi kama ukuta. Mabamba ya dunia yanatembea. Yakigongana huku, ardhi inapanda. Kule yanakoachana panakuwa bonde, maji yanaingia.”

“Hata kwenye nchi yangu mwenyewe?”

“Hata huko, baba.”

Baba alilitazama ziwa. Kisha akafuta milima ya mashariki, taratibu, akampa binti penseli.

“Basi hapo chora bandari. Lakini iwe nzuri.”

Mimi ningemwachia milima yake yote. Ila shati nililovaa nililichagua kwenye rundo la mitumba.