Damu Niliyomtundikia Maman Neema

Siku yangu ya kwanza kazini niliogopa hadi nikashindwa kufunga vifungo vya koti jeupe. Ilikuwa kwenye kituo kidogo cha afya huko Butare, sekta ya wakulima hapa Rusizi. Titulaire, yaani mkuu wa kituo, alinitazama akasema, "Hii mikono iko natetemeka. Bon. Siku ile itaacha kutetemeka, nitakurudisha nyumbani." Nilidhani ananitania.

Baada ya miaka minne nikahamishiwa hospitali kubwa, wodi ya wanawake. Mchana tulikuwa wauguzi wawili kwa vitanda thelathini, na mmoja akiitwa chumba cha upasuaji unabaki peke yako. Huku unabadilisha seremu, ile chupa ya maji ya mshipani, kule mtu anatapika, na mlangoni ndugu wa mgonjwa wanakufokea. Ninyi mnaosomea uuguzi leo mnafundishwa kushika sindano. Hakuna atakayewafundisha kukimbia kutwa nzima huku roho iko mkononi.

Mkuu wetu wa wodi alikuwa mtawa, tukimwita Masera. Sheria yake ya damu ilikuwa moja: kabla ya kuitundika, mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, nawe ulilinganishe na lililo kwenye fishi, karatasi yake ya matibabu. Lakini sisi tuliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, mama mtu mzima utamwulizaje jina kama askari wa mpakani? Tunamwita kwa jina la mtoto wake.

Basi siku moja nikaingia na mfuko wa damu, nikauliza, "Njo weye Maman Neema?"

"Ee, njo miye," akaitika mama wa kitanda cha dirishani, mkulima wa Mururu aliyelazwa asubuhi ile. Nikamtundikia, nikakimbilia kwingine.

Sikufika mbali. Nilimsikia akilia kwamba mgongo unamkatika. Nilipogeuka, alikuwa akitetemeka mwili mzima. Nikatazama fishi yake: kundi la damu si lile lililoandikwa kwenye mfuko. Maman Neema niliyemtafuta alikuwa kitanda cha tatu, amelala. Kina Maman Neema walikuwa wawili.

Nilifunga mrija, nikauchomoa, nikaweka maji ya chumvi, nikapiga kelele. Daktari alikuja mbio. Niliona jela, niliona watoto wa yule mama.

"Ulimuuliza jina ya ku fishi?" Masera alisema.

"Hapana, Masera."

"Kaa hapa na yeye. Akipata nguvu, utamuambia weye mwenyewe. Miye sitakusemea."

Nilikaa siku mbili nikipima mkojo wake, kwa kuwa damu isiyopatana na mtu huua figo. Kila nilipoinua chombo niliogopa kukitazama. Siku ya tatu mkojo ulikuja safi. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza yote.

Akasema, "Niliiona ile damu. Muganga hakuniambia kama nitaongezewa damu. Lakini nilikuona uko nakimbia-kimbia, uso umekaza. Nikaogopa kukusumbua, maman."

Hilo liliniuma kuliko karipio lolote. Tangu hapo, hadi nilipostaafu, niliwaambia wauguzi wapya wasimame, wavute pumzi, wamwulize mgonjwa jina. Nao wagonjwa niliwaambia: ulizeni, hata nikikunja uso.

Sasa mimi ni mzee, nina presha. Majuzi nilikwenda kutibiwa hapa Kamembe. Muuguzi kijana aliingia mbiombio na sindano, jasho usoni, foleni nyuma yake hadi nje.

"Maman, mukono."

Hakuniuliza jina. Sikujua ni dawa gani. Nilifungua mdomo nimwulize, nikamwona alivyochoka, nikaogopa kumsumbua. Nikakunja mkono wa blauzi, nikampa mkono.