Mashua Niliyoipima Nimelala

Mdogo wangu anasoma uhandisi wa vyombo vya baharini huko Ulaya, mimi naishi Kismayu na kusoma kwangu kuliishia sekondari. Yeye alichukuliwa na shangazi akiwa mdogo, mimi nikachukuliwa na jamvi la mama na halijaniachia mpaka leo. Nikitoka nyumbani mara mbili kwa wiki moja, majirani huuliza kama kuna msiba.

Chuoni kwao kuna mpango wa kuchukua shahada ya kwanza na ya uzamili kwa pamoja. Badala ya kumaliza moja, kurudi nyumbani, kisha kuanza kuomba nafasi upya, mwanafunzi anaunganisha, anaongeza mwaka, anatoka na zote mbili. Mama nilimweleza mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Kwa hiyo ni kama kupika wali na mchuzi jiko moja." Sikuwa na maelezo bora kuliko hayo.

Ila si kila mtu anaruhusiwa kuunganisha. Mwaka wa tatu lazima upeleke kazi yako mbele ya walimu, wakiikubali unaendelea, wakiikataa unatoka na shahada moja, na mlango huo haufunguliwi tena. Mdogo wangu akachagua kuchora kwenye kompyuta mashua ya ami yetu wa kisiwa cha Chula, fundi ambaye hajawahi kuchora hata mstari mmoja, kisha aonyeshe inavyobeba mzigo.

"Kaka," akanipigia, "nenda Chula ukanipimie mashua ya ami. Urefu, upana, kina. Siku moja tu."

"Nitakwenda kesho," nikasema.

Hiyo kesho niliitazama nikiwa nimelala. Kwenda Chula ni kupanda boti ya injini, na mimi ni Mbajuni, mtu wa kabila la mabaharia, anayetapika boti ikiwa bado imefungwa. Nikampigia ami simu. Akanipa vipimo bila kufikiri, kama mtu anayetaja majina ya wanawe: urefu dhiraa kumi na nne, upana shibiri nane, kina shibiri nne. Dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, kutoka dole gumba mpaka kidole cha mwisho. Nikavuta futi ya kushonea ya mama iliyokuwa karibu na mto, nikapima mkono wangu, nikapima kiganja changu, nikazidisha. Sikuinuka hata kukaa. Nikamtumia mdogo wangu sentimita zake na maneno haya: nimekwenda, nimepima mwenyewe, salamu nyingi kutoka kwa ami.

Wiki moja baadaye akapiga. Hakuanza na salamu.

"Kaka, hii mashua umeipimia wapi?"

"Chula."

"Ni ndefu kama nyoka. Nikiweka watu wawili na samaki, kompyuta inaipindua."

"Pengine kompyuta haijui bahari."

"Haijui, lakini hesabu inajua. Jumatatu nasimama mbele ya walimu. Nikiwaonyesha hii, watanirudisha nyumbani na shahada moja na aibu mbili. Niambie ukweli, ulikwenda?"

Nikamwuliza kama huko kwao kuna baridi. Kwa watu wetu kuuliza hivyo ni jibu kamili.

Kosa lenyewe mtu yeyote angeliona isipokuwa mimi. Mimi mkono wangu ni mrefu na kiganja changu kidogo. Mungu aliniumba nivifikie vitu bila kuinuka, si kuvibeba. Ami ni kinyume chake: mkono mfupi, kiganja kama kafi. Kwa mkono wangu mashua ilirefuka, kwa kiganja changu ikakonda.

Nikampigia ami nimwombe ajipime. "Futi sina," akasema. "Anayeutaka mkono wangu aje auone."

Basi nikaenda. Ya boti sitayaeleza, waliokuwa ndani wanatosha kuwa mashahidi. Niliposhuka Chula ami alikuwa anachonga ubavu wa chombo kingine. Akanitazama uso ulivyogeuka rangi.

"Mchu huyu amekuja mzima au nusu?" Mchu kwetu Wabajuni ni mtu.

"Nusu, ami. Iko wapi mashua niliyokuuliza?"

"Imeuzwa. Iko kisiwa cha Chovai inavua." Akaweka shoka chini, akakunja mkono wa shati. "Kipimo chake hakikuuzwa."

Nikampima kutoka kiwiko mpaka kidole: sentimita arubaini na tatu. Yangu ni hamsini kamili. Shibiri yake ishirini na tano, yangu kumi na tisa. Akacheka mpaka akakaa juu ya gogo.

"Yaani ulitengeneza mashua kwa mkono wako? Mkono huu ambao haujawahi kushika hata msumari?"

"Nilizidisha tu, ami."

"Huyo mdogo wako atasoma miaka mingapi?"

"Mitano, apewe shahada mbili."

Akafikiri. "Mimi nilikaa kwa baba miaka tisa nikapewa shoka moja. Mwambie asiharakishe."

Nilituma namba mpya nikiwa bado kwenye mchanga wa Chula, na chini yake nikaandika kwamba zile za kwanza zilikuwa za mkono wangu, nimelala. Kuandika hivyo kulinichosha kuliko boti. Alijibu neno moja: "Najua."

Jumatatu nzima mama hakula vizuri, na mimi nilikula kidogo, jambo ambalo lilimtia hofu zaidi. Simu ikaja baada ya alasiri, nikaiweka kwa sauti ya juu mama naye asikie.

"Wamekubali," mdogo wangu akasema. "Naendelea na zote mbili. Niliwaonyesha mashua zote, ya ami na ya kaka. Wakauliza hii nyembamba imetoka wapi. Nikawaambia inaonyesha kinachotokea fundi akibadilishwa mkono. Waliipenda kuliko ile nzima."

Mama akafuta macho kwa ncha ya leso, akamshukuru Mungu, kisha akanigeukia.

"Kwani Chula ulikwenda mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Ipi, ya kwanza au ya pili?"

Nikamwambia ya pili. Simuni mdogo wangu alicheka muda mrefu, na sikumkatiza, kwa kuwa siku ile kicheko kilikuwa haki yake.