Redio Katoka Nyuma ya Pazia

Mimi ni fundi seremala wa shule, na mambo ya maigizo nayajulia kwenye misumari tu. Niambie jukwaa liwe na ngazi mbili, nitakupa ngazi mbili. Yanayosemwa juu yake si kazi yangu. Lakini mjukuu wangu anasoma kidato cha tatu shuleni hapo hapo, na habari zake nitazieleza kama nilivyoziona. Mnivumilie nikizunguka kidogo.

Alipofika kidato cha kwanza aliingia maigizo kwa kazi moja: kukaa nyuma ya pazia na daftari, na mwigizaji akisahau, amnong'oneze. Kazi ya mtu mwoga, alisema mwenyewe, na woga anao wa kurithi; mama yake hata kuku akishtuka naye hushtuka. Miaka miwili alinong'ona. Wenzake wakamwita Redio. Akajua maneno ya kila mtu, na nani husahau wapi. Mwaka huu mwalimu wa maigizo akamwambia, "Redio, toka huko nyuma. Kwenye igizo la safari hii, wewe ndiye binti wa hakimu."

Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Jioni alifanya mazoezi uani, sauti ikimtoka kama ya kitoto cha paka.

"Babu, umesikia?"

"Nimeona midomo."

"Babu bwana! Masikio yako yamezeeka."

"Basi ukinifikia mimi, umewafikia wote."

Alicheka, lakini nilipomshika mikono ilikuwa baridi kama kitasa. Mwalimu alishasema: Ijumaa kuna mazoezi mbele ya shule nzima, na asiposikika benchi la mwisho, nafasi inakwenda kwa msichana mwingine, ambaye maneno alishayakariri zamani. Yeye atarudi kwenye daftari lake.

"Nikirudi kule, Babu, sitoki tena."



Ijumaa mchana nikakaa benchi la mwisho la bwalo, jasho linanitoka utadhani ninaigiza mimi. Akaingia hakimu, kijana wa kidato cha nne mwenye sauti nzito na kichwa cha kusahau. Miaka miwili yote aliponea minong'ono ya mjukuu wangu. Kisha akaingia binti. Magoti yalikuwa yanamcheza, nayaona kutoka kule. Alitakiwa aanze yeye: "Baba, umemfunga mtu asiye na kosa." Midomo ikatikisika, mimi sikusikia kitu. Alikuwa ameyanong'ona, kama alivyozoea.

Na hakimu naye, kwa mazoea yake, akadhani ni yeye aliyesahau, ndiyo maana ananong'onezwa. Akatoa kifua, akanguruma:

"Baba, umemfunga mtu asiye na kosa!"

Bwalo likaangua kicheko.

"Hakimu kawa binti!" mmoja akapaza sauti.

"Redio imekamata mawimbi!"

Yule msichana mwingine, benchi la mbele, akainuka nusu. Mwalimu akatoa kalamu abadili jina. Mimi nikafumba macho, sitaki kuwadanganya.

"Kumbe hata wewe unajua!"

Nikadhani ni mtu mwingine. Kufumbua macho, ni yeye, kamnyooshea hakimu kidole, sauti inatetemeka lakini imenifikia mpaka kifuani.

"Umelisema kwa kinywa chako, baba! Umemfunga mtu asiye na kosa!"

Hakimu akarudi nyuma, safari hii kaogopa kweli, akajikuta amekaa kitini. Kicheko kikakatika. Wakaendelea mpaka mwisho, na kila neno lake nikalipata. Mwalimu akarudisha kalamu mfukoni, akamwambia yule msichana wa mbele, "Chukua daftari wewe, kaa nyuma ya pazia."

Mjukuu wangu nilimkuta nje, kaegemea ukuta wa bwalo.

"Nimepata, Babu."

"Nimesikia."

"Wazazi wanakuja kututazama baada ya wiki tatu. Na mimi sasa sina pa kujificha."

Nikaegemea ukuta kando yake, tukangoja magoti yatulie, yake na yangu.