Kiande Kilichokwama Arobaini na Mbili

Mwanangu, sogeza kiti hapa, na hicho kidole chako kitoe kwenye nyama ya watu. Nimekuona ukibofya ule mguu wa mbuzi mara tatu, ukanusa, ukafumba macho kama mtu anayeomba, kisha ukatangaza kwamba umeiva. Nani alikuambia? Kidole? Na nilipokuuliza themomita iko wapi ukacheka, ukasema hayo ni mambo ya wazungu wa Nanyuki. Haya. Mteja atangoja kidogo. Acha nikueleze kwa nini mzee kama mimi, mwenye hoteli yangu hapa Nyeri na wajukuu wanne, sitoi kuku mezani kabla ya kumchoma ile sindano.

Siku ninayoikumbuka, na ningependa sana kuisahau, ni siku ya ngurario yangu. Ninyi vijana siku hizi mnaiweka kwenye simu na kuipamba kwa maputo, lakini maana yake haijabadilika. Ni ile sherehe ambapo bwana harusi hukata kiande, yaani bega la kondoo, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Mpaka ukate kiande, mke si wako, hata kama pete ya kanisani inakubana kidole.

Wakati huo nilikuwa kijana mwenye kiburi cha jogoo. Nilikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja kule Nanyuki, na mpishi mkuu wetu, Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, alikuwa amenifundisha kutumia themomita ya nyama. Unaichoma katikati ya mnofu, unangoja, unasoma. Kondoo wa kuiva kabisa, nyuzi sabini na tano. Kuku, usimpe mtu kabla ya sabini na nne. Mimi nikayashika hayo nikajiona profesa. Nilikuwa nikienda nyumbani likizo nawahurumia wazee waliochoma nyama miaka hamsini bila namba.

Basi, siku ya ngurario tukafika nyumbani kwa akina Nyambura, mchumba wangu, upande wa Mukurwe-ini, asubuhi na mapema. Kwa desturi bwana harusi hachomi. Vijana wa rika lake ndio huchoma, yeye hukaa na wazee akinywa uji na kujifanya mpole. Lakini debe tupu haliachi kuvuma. Niliwaambia wenzangu, wazee wakisikia, kwamba nyama nyingine wachome watakavyo, ila kiande nitakichoma mimi mwenyewe, kwa sayansi. Ndiyo, mwanangu, nilisema hivyo. Kwa sayansi. Nikajiwashia moto wangu kando na nikawafukuza wote.

Kiande kikawekwa motoni. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa themomita. Haikuwako. Ilikuwa Nanyuki, katika mfuko wa aproni, imening'inia nyuma ya mlango wa stoo.

Hapo mtu mwenye akili angecheka na kuwaita wenzake. Mimi nikasema naenda kuomba chumvi. Nikaingia jikoni kwa mama mkwe, na kwa bahati mbaya hakukuwa na mtu, kwa maana wanawake wote walikuwa nje wakimfunika Nyambura na wasichana wengine leso, ili nije nimtambue mke wangu kati yao. Nikatazama rafuni. Pale, ndani ya kikopo, imesimama themomita ya kioo!

Nilifurahi jamani. Nikajiambia, kumbe hawa wakwe zangu wameendelea, hata themomita wanayo jikoni. Ilikuwa na kamba nyembamba imefungwa mwishoni, na kwenye kamba kibanio cha nguo. Nikadhani ni ya kuning'iniza ukutani. Kando yake kulikuwa na kopo la mafuta ya kukamulia. Nililiona hilo kopo, mwanangu. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi mtu angenishika kichwa akanigeuza bado nisingeona. Nikaipangusa ile themomita kwa shati langu jeupe la harusi, nikaificha kwenye mkono wa koti, nikarudi.

Nikaichoma kwenye mnofu. Namba zilikuwa ndogo na moshi ulinijaa machoni, lakini nikauona ule mstari wa fedha ukipanda vizuri, ukapanda, ukasimama arobaini na mbili. Bado, nikasema. Nikaongeza makaa. Baada ya muda nikatazama tena. Arobaini na mbili. Nikapuliza moto mpaka mashavu yakauma. Arobaini na mbili. Mafuta yanadondoka, nyama imekuwa ya kahawia, harufu inavuta hata mbwa wa jirani, na mimi nimekodoa macho kwenye namba nasema haijaiva.

Wale wenzangu kwenye moto mwingine walimaliza wakanawa mikono. Wazee wakaanza kukohoa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo ya wazee yakiumia husema wazi. Mzee Kariuki, ndugu ya baba yake Nyambura, ndiye aliyekuwa msemaji wao siku hiyo. Akaja na fimbo yake.

"Bwana harusi, hiyo kondoo tulichinja ama bado inafikiria?"

"Imebaki kidogo, mzee."

"Hiyo kidogo yako nimeisikia tangu saa sita. Sasa inaenda saa tisa. Ati unangoja nini?"

"Nangoja sabini na tano," nikamjibu, tena kwa ile sauti ya kumfundisha mtu mzima. Mungu anisamehe.

Alinitazama, akaitazama nyama, ambayo sasa ilikuwa nyeusi pembeni kama soli ya kiatu, akatikisa kichwa akaenda zake. Nikaona aibu kidogo. Nikasema potelea mbali, nikavuta themomita.

Ikatoka nusu.

Ile kamba na kioo cha juu vilikuwa mkononi mwangu. Ncha haikuwapo, na ile zebaki ya ndani haikuwapo. Vyote vilikuwa vimebaki ndani ya kiande, kile ambacho dakika tano baadaye ningekikata na kumlisha Nyambura kwa mkono wangu, kisha wazee wangefuata.

Niliogopa, mwanangu. Sikuogopa kioo, niliogopa kuchekwa. Nikatazama huku na huku, hakuna aliyeona. Na shetani hana kazi nyingine. Akaniambia, kata upande wa pili, mnofu wa huku ubaki, nani atajua? Nikashika kisu kabisa. Nikaanza kupima kwa macho mahali kioo kingeweza kuwa. Ndipo nikakumbuka kwamba Nyambura hula haraka akiwa na njaa, na tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni. Nikakiweka kisu chini. Nikakiinua kile kiande pamoja na sinia lake, nikakibeba mpaka mbele ya wazee.

"Wazee wangu, hiki hakiliki."

"Hiyo tunaona," akasema Mzee Kariuki. "Umeichoma ikakuwa makaa."

"Si hivyo tu. Kuna kioo ndani, na zebaki, ile ni sumu. Themomita imevunjikia humo."

 Halafu Mzee Kariuki akauliza polepole, kama daktari, "Uliwekea kondoo themomita? Kondoo ilikuwa na homa, na imekufa?"

Wakacheka kidogo, nami nikapata moyo, nikakitoa kile kipande kilichobaki, kimening'inia kwenye kamba, ili waamini. Heri ningekizika.

Mama mkwe akasimama kutoka kwa wanawake. Wewe unajua heshima ya mtu na mama mkwe wake kwetu, hata kupeana mkono ni kwa kuinamisha kichwa. Mama wa watu akasahau heshima yote.

"Ngai! Si hiyo ni ya Kanini!"

Mzee mmoja wa upande wetu, ambaye alikuwa mgeni pale, akauliza, "Kanini ndiye nani, tumwombe msamaha?"

"Ni ng'ombe," akasema Mzee Kariuki.

"Na ng'ombe hupimwa homa wapi?"

Mama mkwe akavuta leso akajifunika uso wote.  Wazee wetu wa Kiswahili walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na hiki nilichoazima mimi kilikuwa kimetoka huko huko. Nikatazama lile shati langu jeupe nililopangusia. Nikatazama vidole vyangu, ambavyo mchana kutwa nilikuwa navilamba mafuta. Hapo kicheko kilipasuka, mwanangu, kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka mji wa Othaya. Mzee mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. Wenzangu niliowafukuza walilala chini kwenye majani wakijipigapiga mapaja. Mimi nilisimama na sinia langu na machozi yalinitoka, wala si ya moshi.

Mzee Kariuki ndiye aliyewanyamazisha. Akaamuru kiande kile kizikwe kwenye shimo refu, hata mbwa wasionje. Kisha akageuka, na sasa hakuwa anacheka.

"Nyambura, toka kwa hiyo leso. Umesikia vile huyu mtu amefanya. Kuna kiande kingine hapo kwa moto ya vijana, imeiva kitambo. Nakuuliza mbele ya watu. Tule, ama tusile?"

Swali hilo halina mzaha kwetu. Binti akisema msile, wageni hubeba vyao na kurudi walikotoka, na habari inaishia hapo. Nyambura akajifunua. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, na sijawahi kuona dakika ndefu namna ile.

"Mle," akasema. "Mtu ameharibu, na amekuja kusema mwenyewe kabla sijaweka mdomoni. Huyo nitakaa na yeye. Lakini jikoni kwangu atakuwa anauliza kabla ya kugusa kitu."

Nikaletewa kiande cha pili. Kondoo ana mabega mawili, naamini Mungu alijua watu kama mimi tutazaliwa. Kisu kilipita kwenye kiungo mara moja, nikamlisha, akala haraka kama nilivyomjua. Ndiye huyo unayemwita Cucu kama nyanya yako, anayekukataza kuingia kwake na viatu.

Niliporudi Nanyuki nikamweleza Mzee Wafula, nikitumaini atawalaumu wakwe zangu kwa kuweka kitu kama kile jikoni. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la viazi. Kisha akanirudi, na maneno yake ninayo mpaka leo. "Themomita haikukudanganya hata kidogo. Ilikuambia, mimi mwisho wangu ni arobaini na mbili, ng'ombe akipita hapo amekufa. Wewe hukutazama inaishia wapi. Ulitaka namba tu. Na ulikuwa na pua, na macho, na wazee ishirini wenye njaa, wote wanakuambia nyama imeiva, ukawafungia mlango."

Sasa najua utaniambia, mzee, si basi macho yatosha? Wale vijana hawakuwa na kipimo na nyama yao iliiva. Sawa. Waliochoma siku ile walikuwa wamechoma tangu utotoni. Wewe umechoma miaka miwili, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa kwenye simu. Mbuzi kwenye makaa atakusamehe. Kuku hasamehi. Kuku huwa mwekundu mzuri nje na mbichi kwenye paja, na mteja hawezi kuona, atajua kesho akiwa chooni.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Nunua themomita ya jikoni, ya chuma, iliyotengenezwa kwa chakula, na ile ya kioo uiache kwa daktari na kwa mwenye ng'ombe. Kabla ya kuiamini, tazama namba zake zinaanzia wapi na kuishia wapi. Ichome pale mnofu ulipo mnene kuliko pote, usiguse mfupa, maana mfupa una joto lake na utakudanganya. Ngoja namba itulie. Ioshe kabla, ioshe baada, usiitoe kwenye kuku mbichi ukaichoma kwenye aliyeiva. Ukitaka kujua kama bado ina akili, itie kwenye maji yenye barafu nyingi, ikuonyeshe sifuri. Maji ya kuchemka yasikuchanganye. Huku kwetu mlimani hutokota yakiwa tisini na tatu, tisini na nne, na jirani yangu mmoja alitupa themomita nzima kabisa kwa sababu ilikataa kufika mia.

Na usipojua kitu ni cha nini, uliza. Kuuliza si ujinga. Ningeuliza siku ile, ningechekwa na mtu mmoja tu, si na koo mbili uani. Tena ukiwa umekosea tayari, usishike kisu ukaanza kutafuta upande mzuri wa kukata. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi yetu hii, mwanangu, kifo si cha mpishi peke yake.

Haya, simama. Njoo karibu nikutemee mate kifuani kama walivyotubariki waliotutangulia. Mungu akupe mikono safi na jiko lenye watu wengi wa kulishwa. Akupe uzee kama wangu, wenye meno ya kutosha kula unachopika. Na siku utakayoharibu, maana utaharibu, akupe ulimi wa kusema kabla mtu hajameza.