Mkono wa Baba na Gari Isiyo na Gia

Mpaka leo sijui ile gari ya zamani niliipendea nini. Ukiniuliza, nitakutajia kasoro zake tu, tena kwa hasira. Ni gari ya mbio, ya milango miwili, fupi, na iko chini hivi kwamba ukikaa ndani, matairi ya malori ya shaba yanapita usawa wa sikio lako. Usukani wake ni mzito. Kukata kona ya soko la Manika ni kazi ya mabega yote mawili. Sakafu yake ni chuma kitupu. Vumbi jekundu linaingia kupitia matundu ambayo hakuna fundi aliyewahi kuyaona, na harufu ya petroli inashika kitenge changu mpaka kanisani, watu wa benchi langu wakajua nimekuja na nini.

Baba aliinunua kwa injinia mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Mimi nilikuwa bado mdogo. Majirani walicheka: mtu ana mke na watoto, ananunua gari ya watu wawili! Baba aliwaacha wacheke. Alikuwa fundi kwenye kinu cha kusaga mawe ya shaba na kobalti, na kinu hicho kilikuwa na kelele ambazo tulizisikia hata sisi tuliokaa mbali, sembuse yeye aliyeshinda ndani yake.

Humo ndani hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo mafundi walisema kwa mikono. Kofi moja begani: ongeza. Makofi mawili: punguza. Kiganja kikilala begani bila kuondoka: simama, kuna hatari. Hata mashine zenyewe baba alizipima hivyo hivyo. Aliweka kiganja juu ya chuma, akafumba macho, kisha akaonyesha kwa kidole mahali palipochoka. Kinu kilimla masikio kidogo kidogo, na alipostaafu hakuwa anasikia chochote. Siku hizi tunamwandikia kwenye daftari, naye anajibu kwa sauti kubwa kama anahutubia mkutano.

Mimi na mdogo wangu wa kiume alitufundisha kuendesha kwenye ile gari, mmoja baada ya mwingine, kwenye barabara ya Mutoshi. Usukani uko kushoto, kwa hiyo yeye alikaa kulia, kiganja chake juu ya goti letu. Kofi moja: panda gia. Mawili: shuka. Kiganja kikitulia, breki. Mtetemo wa injini aliupata kwa miguu na kwa kiti, na kila mara aliupata kabla yetu sisi wenye masikio mazima. Nikichelewa kushuka gia kwenye mlima, aliniongezea kofi la tatu ambalo halikuwa la kazi, lilikuwa la kuniadhibu. Niliudhika sana. Lakini hata baada ya kujua kuendesha, hata nilipokuwa mama wa watu na karani ofisini, kila Jumapili baada ya misa tulitoka, mimi kwenye usukani na yeye pembeni, na mkono wake haukuacha goti langu.

Mwaka huu mdogo wangu, ambaye siku hizi anafanya usafirishaji Fungurume na kuagiza magari ya watu, alikuja nyumbani na gari mpya. Nayo ni ya mbio, nyeupe, imelala chini, lakini inatembea kwa umeme. Iliingia uani nikiwa napepeta mchele, sikusikia kitu, nikainua macho na kukuta taa zake ziko magotini pangu. Nilimtukana kwanza, salamu zikafuata.

Aliileta kwa ajili ya baba. Mgongo wa mzee umeanza kumsumbua, akasema, na ile gari ya zamani inamtingisha vibaya. Alikuwa ameshapata mnunuzi, bwana mmoja wa Lubumbashi anayekodisha magari ya kizamani kwa maarusi wapige picha. Angekuja kuichukua Jumamosi.

Nami nilikubali. Aibu yangu iko hapo, acha niiseme. Nilikubali mezani, baba akiwa mbele yetu anakula bukari, ugali wake, kwa sababu nilijua hasikii. Nilisema, "Mutu hasikie kitu, ile makelele ya motokari iko ya kumufanyia nini?" Mdogo wangu alicheka, nami nikacheka. Baba alituona tunacheka, akatabasamu na yeye.

Ijumaa alasiri tulimtoa baba kwenda kuijaribu ile mpya. Niliendesha mimi, baba kulia kwangu, na mdogo wangu nyuma, magoti yamemfika kidevuni. Tulishika barabara ile ile ya Mutoshi. Nilikanyaga kidogo tu, kichwa kikagonga kiti. Mama yangu! Ile ya zamani ingekuwa bado inakohoa. Nilifurahi, kisha nikakasirika kwamba nimefurahi. Kona nilizozihangaikia ujana wangu wote zilikatika kwa vidole viwili. Nilikuwa naendesha, na bado nilijiona kama mtu anayebebwa.

Mdogo wangu aliandika kwenye daftari na kumpitishia baba: ndani ya betri, chini ya sakafu, kuna kobalti, na huenda imetoka hapa hapa kwetu. Baba alisoma mara mbili. Akavua kiatu, akaweka mguu wake mtupu juu ya sakafu.

"Basi kazi yetu njo iko humu!" akapaza sauti, na uso wake ukawaka.

Hapo akili yangu ilivurugika. Ile ya zamani ilitoka kwa mgeni, kila kitu chake kilitoka mbali. Hii ilikuwa na jiwe letu tumboni, jiwe la aina ile ile lililomla baba masikio. Ipi kati ya hizo mbili ilikuwa yetu? Nilitaka mtu aniambie, na mtu hakuwepo.

Kisha baba akaweka kiganja juu ya goti langu, kama kila Jumapili. Akafumba macho. Nikaongeza mwendo ili nimpe kitu cha kushika. Miti ilipita mbio. Kiganja chake kiliinuka kidogo, kikangoja hewani. Akabonyeza sakafu kwa mguu, akagusa mlango, akagusa kiti chini ya paja lake.

"Unaisha kuzima?" akaniuliza, akifumbua macho; alidhani injini imeshazimwa.

Nilitikisa kichwa, nikamwonyesha miti. Aliitazama ikikimbia. Mkono ulikuwa bado uko hewani juu ya goti langu, haujui ushuke lini. Hatimaye aliurudisha mapajani mwake, akaufunika na ule mwingine.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini mi sina na kazi humu."

Hakusema kwa kulalamika. Ningependa angelalamika. Nilivuka mji mzima nikiwa naona vibaya kwa machozi, na gari yenyewe ikawa inanirudisha kwenye njia yangu, bila kuniomba ruhusa.

Nyumbani baba aliteremka, akaingia ndani. Mdogo wangu alihamia kwenye usukani ili aiegeshe vizuri, nami nikakaa pale alipokuwa baba. Nikamwambia mdogo wangu kwamba bwana wa Lubumbashi asije.

"Juu ya nini, yaya?" akauliza; ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa. "Ni weye mwenyewe ulikubali."

Nilijaribu kumweleza. Nikataja uzito wa usukani, nikataja sakafu ya chuma, nikataja petroli, na kila nililotaja lilikuwa sababu ya kuiuza. Mgongo wa baba ulikuwa kweli unauma. Gari mpya ilikuwa kweli nzuri. Alinisikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa malaria.

Maneno yaliponiishia nilinyoosha mkono, nikampiga goti makofi mawili.

Mguu wake wa kushoto uliruka mbele na kukanyaga. Mkono wake wa kulia ulishuka kutafuta gia. Hakukuwa na gia, hakukuwa na klachi. Alibaki hivyo, mguu umekandamiza zulia tupu, anautazama kama si wake.

"Nitamuambia asikuye," akasema, na bado hakuwa ameuinua mguu.