Koti la Nyota Tano

Jumamosi ile mkwe wangu alishikwa mateka hatua chache kutoka kwa biriani yake ya harusi.

Na aliyemshika alikuwa amevaa nguo niliyoshona mimi.

Ngoja nianze mbali kidogo, la sivyo mtasema Mabruki kavuta kitu.

Mimi ni fundi cherehani. Duka liko Biashara Street, nyumba iko Mountain View, penye korti mbili zilizopakana, yaani vikundi vya nyumba ndani ya ua mmoja mmoja. Korti A iko mbele, ina geti na barabara. Korti B, kwetu, iko nyuma, ina tangi la maji. Miaka yote wao wanakunywa kwetu, sisi tunapita kwao, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku moja mgeni wa Korti B akaegesha gari mbele ya mlango wa Norman, mwenyekiti wa Korti A. Kosa la kuomba samahani tu, yakaisha. Lakini Norman alistaafu serikalini, na tangu hapo hajapata mtu wa kumwamrisha. Akafunga geti. Gari lolote la Korti B, marufuku; mgeni wao yeyote, mpaka yeye aruhusu.

Mwenyekiti wetu, Zedekiah, naye akafunga maji.

Kufikia jioni, group ya WhatsApp ya mtaa ilikuwa imegeuka Baraza la Usalama. "Hatutatishwa!" "Tuna haki ya kujilinda!" Walioandika hivyo hata kombamwiko hawaui bila kuita mke.

Kina mama wa Korti A wakawa wanabeba mitungi. Sisi tukawa tunaacha magari kando ya barabara na kutembea. Wenyeviti wote wawili wakatangaza kwamba tunashinda.

Kisha Norman akaja dukani.

"Mabruki, nataka soja wangu wa kulinda geti akae serious. Si ile rangi ya jeshi, hiyo tutafungwa. Kaki tu. Na uweke nyota mbili kwa bega."

Nikashona. Zedekiah akaziona, naye huyo dukani.

"Soja wangu wa tangi muwekee tatu."

Norman akarudi: nne. Mimi niseme nini? Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kunguru mwenyewe nilikuwa mimi, na nilikuwa nanenepa.

Mwisho Zedekiah akaagiza koti lake mwenyewe. Nyota tano, kamba ya dhahabu kifuani. Nikalibeba nyumbani Ijumaa ili nimpelekee.

Mke wangu Khamisa akaliangalia, akasonya.

"Mwanangu aolewa kesho, wewe wawapa wehu wembe."

"Ni kitambaa tu, mama Nadira. Kitambaa hakikati mtu."

Kesho yake nikaha ikafungwa msikitini salama. Nikatangulia nyumbani kuwaambia akina mama bwana harusi yuaja. Mimi mwenyeji nilipita kwa miguu bila shida.

Punde nikasikia vigelegele. Lakini vilitoka getini.

Nikatoka mbio. Mutinda, soja wa Korti A, amesimama na nyota zake nne, geti limefungwa. Nje yuko mkwe wangu Aqil na jamaa zake wote, na mbele yao Mzee Fahim, ami yake, anacheka mpaka kofia imemwanguka.

Sababu ya kucheka ni hii. Kwetu Waswahili, bwana harusi hafiki akaingia tu. Mashangazi wa bibi harusi hufunga mlango, wakaringa, mpaka atoe kifungua mlango. Mzee Fahim aliona geti limefungwa, akaona mtu wa nyota mabegani, akajua tumeamua kuringa kwa fahari.

"Mashallah! Hata Mombasa sijaona mlango kama huu! Haya, mwataka ngapi?"

"Mzee, hii ni order," Mutinda akasema. "Wageni wa Korti B hawapiti bila ruhusa ya chairman."

"Yuajua kuringa huyu!" Mzee akamtia noti mfukoni. Mutinda akaitoa, akamrudishia. Wanawake wakashangilia zaidi. "Kakataa! Ongezeni!"

Aqil, jasho likimtiririka ndani ya joho, akaniangalia. Yeye alishaelewa.

Niliogopa, sifichi. Mzee Fahim aliwahi kuvunja posa kwa sababu ya chai iliyopoa. Akijua kwamba watu wake wamekataliwa kweli kwenye geti la bibi harusi, atageuza magari. Na Nadira wangu yuko ndani, kapambwa, anangoja.

Nikampigia Norman. Hapatikani. Zedekiah, hapatikani.

"Mutinda, ndugu yangu, hiyo nguo si nimekushonea mimi?"

"Najua, fundi, na imenikaa poa. Lakini mimi siwezi. Labda mkubwa aseme."

Mzee Fahim akaacha kucheka. "Mbona mchezo huu hauishi?"

Mkubwa aseme. Nikakimbia nyumbani, nikachana mfuko lilimofungwa koti la Zedekiah, nikalivaa juu ya kanzu.

"Mabruki, umepatwa na nini?" Khamisa akauliza.

Nikarudi getini polepole, maana mtu wa nyota tano hakimbii. Mutinda hakuniangalia usoni. Aliangalia bega, akahesabu, na wala hakuuliza ni nyota za upande gani. Visigino vikagongana.

"Afande!"

"Fungua."

Likafunguka. Mzee Fahim akanikumbatia. "Hata jemadari mmemleta! Harusi hii itasimuliwa!"

Tukakaa kula. Koti sikulivua, nilisema nitalivua baadaye. Mkono uko ndani ya sinia, Mutinda akatokea mlangoni.

"Afande, machairman wako getini. Wote wawili."

"Pamoja?"

"Gari moja. Wametoka kula nyama hotelini kule Adams. Dereva anasema hiyo ni kawaida yao kila Jumamosi. Bado wako na vijiti kwa meno. Niwafungulie?"

Watu wanabeba mitungi, wao wanakula sahani moja!

"Wangoje," nikasema.

Neno lile lilikuwa tamu kuliko halua. Nikaongeza jingine. "Wangoje mpaka nitakapoamua. Na kuanzia leo, hapiti mtu yeyote bila..."

"Bila nini?"

Khamisa alikuwa nyuma yangu, na mkasi wangu wa kazi mkononi.

"Wao angalau walianza na ugomvi wa gari," akasema. "Wewe umeanza na biriani."

Akakata nyota moja, ikaanguka kwenye kachumbari. Akakata ya pili. Ya tano ilipotoka, Mutinda akashusha mkono uliokuwa kwenye paji la uso.

"Sasa nimuulize nani?"

Akasimama kidogo, akajikuna, kisha akaenda akafungua geti mwenyewe. Akaliegemezea jiwe lisijifunge, akarudi, akakaa kula nasi.

Jamani, nyota hizo nilizishona mimi. Kila moja imeshikwa na nyuzi nne tu. Ukiona mtu anakuamrisha mpaka unatetemeka, kumbuka kuna fundi mahali aliyezipachika nyota zake huku akinywa chai.

Mkasi wangu Khamisa hajanirudishia hadi leo. Anasema ataufikiria.