Siklameni Dirishani

Jirani yangu hapa Tottenham huwatunza wazee majumbani mwao. Kila akirudi kutoka kazini, kabla hata ya kuvua koti, hutia kidole kwenye udongo wa chungu cha maua kilichoko dirishani. Viganja vyake vimepauka kwa sabuni ya zamu nzima, lakini pale hugusa taratibu, kama anavyogusa ngozi za wazee wake. Chungu hicho alipewa na bibi mmoja wa Saiprasi aliyemhudumia mpaka akafariki. Mna siklameni, ua la mwituni kutoka misitu ya milimani kwao yule bibi. Majira ya joto majani yote yalikauka, nikamshauri alitupe. “Limelala tu, dada,” akanijibu kwa sauti yake ya chini. “Bibi aliniambia nisubiri.”

Jumapili moja ya Septemba aliniita kwa kelele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Maua matatu meupe yalikuwa yamechomoza kwenye udongo mtupu. Akampigia mama yake aliyeko Taita kwa video, akamwonyesha. Mama akayasifu, kisha akauliza, “Na wewe mwanangu, unakuja lini?” Ni miaka kumi na moja hawajaonana. Jirani yangu akaisogeza simu karibu zaidi na maua. “Yatazame vizuri, Mama,” akasema. “Yananukia.”